Nilivyopoza chipset ya kompyuta ya mama mkwe bila ruhusa ya kumwona akiitumia

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimepita kwenye uzi wa yule jamaa anayelalamika kwamba kompyuta yake inaganda, na kila mchangiaji anamwambia aongeze feni. Ongeza feni, ongeza feni, ongeza feni. Nikasema hapana, leo acha na mimi niandike. Hiki ninachosimulia kilinipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na kama kuna chumvi humu ni ile ya samaki tu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Kilwa. Siyo Kilwa yenu ya Tanzania, wala siyo kile kisiwa cha Kilwa kilichoko ndani ya ziwa Mweru. Kwetu ni Kilwa ya Congo, mji ulio ng'ambo ya Nchelenge. Kiswahili changu ni cha Katanga. Nimekipiga msasa kwa kukaa na nyinyi huku Tunduma, ila nikikasirika kinarudi chenyewe.

Na kisa hiki mpaka leo kinanikasirisha, donc mtanivumilia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kwetu vita, hakukaliki. Nikavuka ziwa na begi la vifaa: chuma cha kulehemu, multimeter, bisibisi, na nguo mbili za kubadilisha. Upande wa Zambia nikafungua kibanda soko la Kashikishi, jirani kabisa na Nchelenge. Nilikuwa natengeneza redio na amplifaya za makanisa. Kompyuta nilijifunza Lubumbashi kwa tajiri mmoja aliyekuwa na biro, yaani ofisi, ya fotokopi, lakini Nchelenge ya wakati ule nani alikuwa na kompyuta? Wachache sana.

Hapo ndipo nikampata Bwalya.

Bwalya alikuwa anasoma ualimu Mansa, anakuja nyumbani likizo. Baba yake alishafariki. Mama yake alikuwa anaishi kwa kupiga taipu: mitihani ya shule, barua za watu, ratiba za mazishi. Taipureta yenyewe ya zamani, herufi nyingine zinaruka. Basi siku ya kupeleka posa nikataka kuwaonyesha kwamba mimi si mpita njia. Juu ya kile kitu kidogo cha desturi ambacho kila mchumba anapeleka, nikaongeza kompyuta na printa ya zile za kelele. Niliiunga mwenyewe. Motherboard niliitoa Lubumbashi, ikavushwa kwa boti ndani ya gunia la mihogo mikavu, ikafika salama.

Zawadi ikapokelewa. Posa imekubaliwa. Nikajiona mimi ndiye mimi.

Sasa sikilizeni desturi ya kule, maana bila hii hamtaelewa kitu.

Kwa watu wa pale wanaosema Kibemba, ukishakubaliwa posa, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humtazami usoni. Huingii chumba alimo. Huli kwake hata punje. Hata njiani ukimwona anakuja, unakata kona. Na yeye hivyo hivyo, anakukimbia wewe. Mpaka siku watakapokupikia vyakula vyao vyote na kukuonyesha moto wa nyumba yao, wanaita chilanga mulilo, na baadaye wakuingize nyumbani rasmi. Kabla ya hapo, maneno yote yanapita kwa mshenga, bashibukombe.

Bashibukombe wangu alikuwa Ba Mwape, mzee muuza samaki wakavu. Alikuwa anavuka kwenda kwetu kununua mali, kwa hiyo Kiswahili anacho, kile cha sokoni. Mtu mpole, mwenye adabu. Adabu yake ndiyo iliyotaka kunizika.

Zawadi haijakaa sana, Ba Mwape huyo kibandani. Kavua kofia.

"Mukwe, mashini iko inachoka."

Nikamwuliza inachoka namna gani.

"Inachoka tu. Inafanya kazi, kiisha inakatala."

Wakuu, fundi akiambiwa "inachoka" afanye nini? Inajizima? Screen inaganda? Inaandika maneno? Baada ya muda gani? Nikamtuma arudi na maswali yote hayo. Akarudi na jibu moja: mama anashukuru sana kwa zawadi, na mashini inachoka.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kazi ya bashibukombe ni kulainisha. Habari mbaya haimfikii mkwe ikiwa na miba. Wanaitoa miba yote njiani, wewe unaletewa mnofu tu. Sasa miba ndiyo niliyokuwa naitaka mimi.

Nikaomba kwenda kuitazama. Wakapanga siku.

Nimefika, nyumba imefagiwa inang'aa. Mama hayupo, amehamia kwa jirani. Sebuleni kuna meza ndogo chini ya dirisha lililo wazi, imetandikwa kitambaa cheupe, mashine juu yake, printa pembeni, feni ya mezani inapuliza. Upepo wa ziwa unaingia. Upande wa pili kuna kabati kubwa la vioo, lile la kuweka TV na vyombo vya wageni, limefungwa vizuri. Ba Mwape kakaa kwenye kiti, anasinzia.

Nikawasha. Nikaandika, nikachapisha, nikacheza ule mchezo wa karata mpaka nikachoka mimi. Mashine haijaganda hata mara moja.

Nikamwambia Ba Mwape: nzima hii. Nikaondoka.

Kesho yake: "Mukwe, inachoka."

Nikarudi. Nikatoa RAM, nikaisugua miguu kwa kifutio, nikairudisha. Inafanya kazi. Naondoka, inachoka. Nikasema ni umeme, maana umeme wa kule ulikuwa unapanda na kushuka kama mlevi. Nikaleta stabilizer. Inafanya kazi. Naondoka, inachoka.

Na njaa jamani. Mkwe hali pale. Mimi nimeinama kwenye nyaya mchana kutwa, jirani anabanika samaki, moshi wake mtamu unapita dirishani, na mimi mate yanajaa mdomoni. Franchement, kusema kweli, ufundi wa hivi simwombei mtu.

Mtauliza, kwa nini hukuichukua ukaenda nayo kibandani ukaipima vizuri?

Swali zuri. Ile ilikuwa zawadi ya posa. Ikitoka kwenye mlango wa wakwe ikaonekana inarudi kwangu, ndoa imekufa. Hakuna cha "ninaipeleka kwenye matengenezo tu". Watu wa mtaa wakiona imebebwa, imerudishwa. Kwa hiyo lazima ifie na kufufukia humo humo ndani.

Siku moja nimeiendesha mchana kutwa, kifuniko nimekiweka pembeni, nikapitisha kidole kwenye motherboard kugusa kimoja kimoja. Processor iko sawa, ina feni yake. Nikagusa chipset, ile chip kubwa inayokaa kati ya processor, RAM na kadi ya screen. Kidole kikaungua, nikakitia mdomoni.

Kumbe mtengenezaji aliiacha uchi. Haina heatsink, kile kipande cha chuma cha kunyonya joto, haina chochote, chip tupu. Ba Mwape akaamka akauliza kuna nini, nikamwambia nimempata mchawi.

Nikarudi kibandani na furaha. Nikakata kipande cha alumini kutoka kwenye amplifaya mfu ya kanisa, nikakichonga kwa tupa mpaka kikakaa sawa. Motherboard ile haikuwa na matundu ya kufungia heatsink kwenye chipset. Nikapaka ile dawa nyeupe ya transista katikati, na super glue tone moja moja kwenye pembe nne. Msinikosoe, najua, lakini tulifanya kwa tulichonacho. Nikaenda nikakibandika, nikawasha, nikasubiri, nikagusa. Vuguvugu tu. Nikatembea kurudi Kashikishi naimba.

Siku chache, Ba Mwape huyo. Anatabasamu.

"Mukwe, mashini inachoka. Lakini sasa inachoka polepole."

Nilitaka kulia, ila kile ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha maana ambacho mzee yule aliniletea tangu tuanze. Inachoka polepole maana yake joto ndilo adui, na mimi nimelipunguza lakini sijalimaliza. Sawa. Tuongeze hewa.

Nikachukua feni kutoka kwenye power supply iliyoungua, nikaifunga kwa waya juu ya heatsink. Nimepima, nimeridhika, nimeondoka. Inachoka.

Nikakata tundu nyuma ya kasha kwa mkasi wa bati, nikaweka feni nyingine inayotoa hewa nje. Nyaya nikazifunga pembeni zisizuie njia. Sasa mashine ikiwa mbele yangu pale mezani, chipset unaweza kuilalia. Baridi. Naondoka. Inachoka.

Hapo akili yangu iligota, wakuu. Nilianza kuamini mambo. Kuna jamaa pale sokoni aliniambia labda mama mkwe ana mkono mzito kwa vyuma, wapo watu saa hazikai mkononi mwao. Mimi fundi, nimekaa nimemsikiliza mpaka mwisho.

Nikamtuma Ba Mwape aulize swali moja tu: mashine mnapoitumia, inakaa wapi?

Jibu likaja: "Mama anasema, mashini iko pahali pa heshima."

Mimi nikaona ile meza, kile kitambaa cheupe, lile dirisha. Nikaridhika. Mjinga mimi.

Wakati huo mambo nje yalikuwa yanaharibika. Mama Bwalya alipiga mitihani ya shule nzima kwenye ile kompyuta, ikaganda kabla hajaisevu, kazi yote ikapotea. Ikabidi aanze upya, na shule ikachelewa. Habari zikamfikia bayama.

Bayama ni mjomba, kaka wa mama. Kule mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Na bayama huyu hakunipenda tangu siku ya kwanza. Simlaumu kabisa. Pale ufukweni kulikuwa na wanawake walioolewa na Wakongo wakati wa shida, mambo yalipotulia wanaume wakapanda boti, kwaheri. Alikuwa anaogopa hilo tu.

Lakini alikuwa analisema sokoni, kwa sauti. Kwamba Mukongo kaleta kitu kibovu, na mtu wa kitu kibovu hakai. Vita ikiisha anavuka. Wateja wangu wakaanza kunitazama. Mtu analeta redio halafu anauliza, "Hii nayo itachoka?" Halafu wanacheka.

Bwalya akanitumia neno kwa dereva wa basi la Mansa. Kwamba mjomba anataka mashine irudishwe, na ikirudishwa nisimlaumu yeye, hana nguvu ya kupingana na bayama. Alisema hivyo tu, hakuongeza salamu. Siku hiyo sikufungua redio ya mtu.

Halafu Ba Mwape akaja, akakataa kiti. Kule mzee akikataa kiti, ujue kuna jambo.

"Mukwe, siku ya posho bayama atakuletea mashini yako."

Posho ni Jumamosi kwetu. Yaani imeisha hivyo. Jumamosi wanaibeba mchana kweupe mbele ya watu wote, wanaishusha kibandani kwangu, na Bwalya si wangu tena.

Nililala nimekasirika, nikaamka nimekasirika. Nakunywa chai, nawaza kama fundi. Kila ninapokwenda, mashine nzima. Kila nikiondoka, inaganda. RAM ni ile ile, umeme ule ule, chipset ile ile, joto la mwezi wa kumi lile lile. Kitu gani kinabadilika? Nikaona kinachobadilika ni kimoja tu, ni mimi. Mimi nikienda, wanajua nakuja.

Nikaacha chai pale pale. Nikafunga kibanda, nikashika barabara kwenda Nchelenge, jua la utosi. Sikumtafuta Ba Mwape. Sikutuma neno. Njia nzima najiambia: ukiingia mule ukamkuta mama, bayama amepata sababu nzuri kuliko mashine mbovu. Na najijibu: usipoingia, Jumamosi ipo.

Nimefika uani nikasikia kibodi inalia. Madirisha yamefungwa yote, kwa sababu jirani yuko na samaki wake na moshi ni mwingi. Nikasimama mlangoni. Hodi ilinifika mdomoni nikaimeza.

Nikaingia.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya lile kabati la vioo, kilemba kavua, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji kwa ajili ya joto, kibodi mapajani. Screen iko kwenye ile nafasi ya TV. Ile meza ya dirishani haipo kabisa, wameipeleka jikoni, juu yake kuna mboga. Na kasha la kompyuta silioni. Waya wa kibodi unaingia kwenye kijimlango cha chini cha kabati, na kijimlango kimefungwa.

Aliponiona alivuta chitenge akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta, anasema "awe, awe", yaani hapana, hapana. Maji ya beseni yakamwagika sakafuni. Mimi nikapiga magoti, uso nimeugeuzia pembeni, nikatambaa mpaka kwenye kabati, nikafungua kijimlango.

Joto lililotoka mle lilinipiga usoni kama nimefungua oveni ya mikate.

Kasha langu lilikuwa limebanwa kati ya sahani za wageni. Kushoto na kulia wameliwekea vitambaa vya meza vilivyokunjwa, ili lisikwaruze vyombo. Mgongo umegusa ubao wa nyuma wa kabati. Ile feni yangu ya kutoa hewa nje, niliyoikatia tundu kwa mkono wangu na kujisifu, inapuliza ubao. Hewa inagonga, inageuka, inapita pembeni, inaingia tena mbele. Feni zote nilizoongeza zilikuwa zinakoroga hewa moto ile ile, kama mwiko kwenye sufuria.

Nilichoka mimi. Nilikaa pale chini na maji yananiloanisha suruali, nikitazama sahani.

Nikalitoa kasha, nikaliweka mbali na ukuta, nikafungua dirisha liwe liwalo na moshi, nikawasha upya. Mama bado ameugeukia ukuta, mabega yanatetemeka, sijui analia au anacheka. Nikatoka kinyumenyume.

Nje nikamkuta Ba Mwape anakuja mbio, jirani keshamwita. Nikamshika mkono, nikamwuliza kwa hasira kabisa: wewe mzee unaingia nyumba ile kila siku, ulikuwa unaona mashine iko ndani ya kabati?

"Nilikuwa naona."

Ju ya nini hukuniambia?

Akanitazama kama mimi ndiye nisiye na akili.

"Mukwe, miye ninabebaka maneno. Macho sibebake."

Wakuu, kwa mila yake mzee yuko sahihi. Mambo ya ndani ya nyumba ya mama mkwe hayatoki kwenda kwa mkwe. Anabeba anachotumwa kusema, basi. Nilitafuta pa kumlaumu nikakosa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kesho yake akaniletea maelezo ya mama. Kwamba kitu alicholeta mkwe hakiwezi kuwekwa mezani kama sahani ya jana, kila mtoto anashika, kila mgeni anaegemea. "Batu batasema nini?" Kitu cha mkwe kinakaa na vyombo vya heshima. Na siku mkwe anakuja mwenyewe, si vizuri aone umemfungulia kabati lako, ni kama kumwonyesha chumbani. Kwa hiyo wanakitoa, wanakiweka mezani, wanamfungulia dirisha, wanamwekea feni asitoke jasho. Akiondoka, wanakirudisha pahali pake.

Yaani chipset yangu ilikuwa inapikwa kwa heshima. Na kila siku ya kupima, heshima ile ile iliipoza.

Jumamosi bayama akaja. Mashine hakuileta. Aliniita nyumbani kwake, na wazee wenzake, kwa sababu kesi sasa ilikuwa imekuwa kubwa kuliko kompyuta. Mkwe ameingia kwa mama mkwe bila hodi, amemwona kichwa wazi, miguu kwenye beseni. Mama mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, sisi uani.

Bayama alisema yote. Zawadi mbovu, mtu hana adabu, Mukongo ni wa kupita. Alisema vizuri, kwa utaratibu, wazee wanaitikia. Nami nilivyomsikiliza, moyoni nikaona ameshinda.

Nikapewa nafasi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuomba msamaha, yakapotea yote. Nikasema nimevunja mwiko, ni kweli, faini nitatoa. Lakini kabla hamjanirudishia zawadi, mwulizeni mama swali moja tu: tangu siku ile, mashine imechoka?

Ba Mwape akainuka, akaenda kwenye pazia. Akakaa huko muda. Aliporudi alisimama katikati, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza sikusikia analainisha kitu.

"Mama anasema, mashini haikuchoka tena. Amemaliza mitihani yote ya shule. Mama anasema, mutu wa kukimbia angengoja posho, angechukua mashini yake, angepanda boti. Huyu aliingia. Mama anasema, kama munarudisha mashini, muirudishe na yeye mama, ju yeye anakaa na uyu mukwe."

Bayama akauliza faini ni kuku jike au jogoo. Nikajua nimepona.

Chilanga mulilo ikafanyika kabla mvua hazijachachamaa. Nililetewa vyungu, nikala samaki wa nyumba ile mpaka nikashindwa kusimama, maana nilikuwa nawadai njaa ya miezi. Bwalya nikamwoa. Baadaye ikaja siku ya kuniingiza nyumbani rasmi, ile ambayo mama mkwe na mkwe wanaruhusiwa kutazamana na kusemezana.

Nimekaa kwenye mkeka, nimeinamisha kichwa. Wanawake wanaimba. Mama akaja akakaa mbele yangu, akafunua uso. Nilikuwa na hamu ya neno lake la kwanza. Mshenga hayupo katikati, ni mdomo wake na masikio yangu. Nilidhani atanibariki, au atanikabidhi mtoto wake.

Akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Mukwe, feni yako iko na kelele mubaya. Mi nalala na kichwa kinauma."

Alikuwa amevumilia kelele ile tangu siku nilipoifunga, mchana kutwa, kila siku ya kazi, na hakuthubutu kunitumia neno, kwa sababu kulalamika juu ya kitu cha mkwe si heshima. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakaendelea kutoka kicheko kikiwa kimeisha. Siku hiyo hiyo nikainuka mkekani, nikaenda kuhamisha waya wa feni. Nikaichomeka kati ya waya wa njano na mwekundu, ikapata volti saba badala ya kumi na mbili, ikazunguka taratibu. Mama akategesha sikio, akaitikia kwa kichwa.

Sasa kwa yule jamaa wa uzi ule mwingine na wote mnaomshauri. Feni haina baridi ndani yake. Feni inahamisha hewa tu, na kama hewa haina mlango wa kuingilia na wa kutokea, hata ukifunga kumi unakoroga uji. Heatsink kwenye chipset ni kitu kizuri, iweke, mimi bila ile nisingefika popote. Lakini kabla hujanunua chochote, nenda kaione mashine pale inapoishi, siku ambayo hakuna aliyejua kwamba unakuja. Na ukiwa na watu unaowaheshimu, waambie mapema wasikuonee haya kukwambia kelele inawauma.

Mwenye kisa cha mashine iliyokuwa nzima mbele ya fundi na mgonjwa mgongoni kwake, aweke hapa chini tusome. Na wenye wakwe wa kule Luapula, njooni mnisahihishe desturi kama nimekosea mahali, ila msiniambie nilipaswa kupiga hodi.